Hilo ua la dari limeshikwa na nini?
Umeona sebule fulani TikTok, ua kubwa la plasta katikati ya dari, na wewe sasa unalitaka. Sawa, nyumba ni yako. Lakini kabla fundi hajapanda ngazi, muulize: hii kitu itashikwa na nini? Akisema gundi pekee, mwambie ashuke. Gundi hushika rangi, na rangi hubanduka. (Yale ya povu ni mepesi, hayo hayana noma.) Plasta nzito inataka skrubu ndefu zinazofika kwenye mbao, si bodi ya jipsamu tu. Mabati yakivuja, ziba kwanza. Jipsamu ikilowa hulegea. Mafundi wengi wanajua haya. Wanaruka skrubu kwa sababu umewakazia bei, na chini ya hilo ua ndipo mtoto hulala akitazama katuni.