LOCK_EX si hirizi

Jamani, leo nina hasira, mnivumilie.

Hapa Salgaa malori ya masafa marefu hulala uwanjani, na dereva hulipa akitoka. Juzi niliitwa kuangalia programu ya uwanja mmoja. Imeandikwa kwa PHP, seva ni moja, malango ni mawili: la kuingilia na la kutokea. Idadi ya malori yaliyo ndani hukaa kwenye faili moja. Asubuhi faili ilisema 61, uwanjani mkahesabiwa 60. Basi lori moja limetoka bila kulipa! Mlinzi wa zamu ya usiku akakatwa mshahara. Si mara moja.

Msimbo wenyewe huu hapa:

$n = file_get_contents('idadi.txt');
file_put_contents('idadi.txt', $n + 1, LOCK_EX);

Aliyeuandika nilimpigia simu. "Boss, nimeweka LOCK_EX, hapo mimi sina kesi."

Unayo kesi, ndugu yangu! Hiyo LOCK_EX inalinda kuandika tu. Kusoma kulishafanyika nje ya kufuli. Lango la kuingilia linasoma 60, la kutokea nalo linasoma 60. La kutokea linaandika 59, kisha la kuingilia linaandika 61 juu yake. Kila moja lilifunga na kufungua kwa adabu zote, na hesabu bado ni ya uongo.

Kufuli ishikwe kabla ya kusoma, iachwe baada ya kuandika:

$f = fopen('idadi.txt', 'c+');
if (!$f || !flock($f, LOCK_EX)) die('Kufuli imekataa');
$n = (int) stream_get_contents($f);
ftruncate($f, 0);
rewind($f);
fwrite($f, $n + 1);
fflush($f);
flock($f, LOCK_UN);
fclose($f);

Ni 'c+', si 'w+'. Hiyo 'w+' inafuta faili wakati wa kuifungua, kabla hujapata kufuli. Tena kwenye Linux flock ni makubaliano tu. Programu isiyoiomba inapita bila kuzuiwa, kwa hivyo malango yote mawili yatumie msimbo huu.

Kuna na wale wa kuunda faili ya .lock na kuiangalia kwa file_exists. Wawili wanaweza kuangalia pamoja na wote wakaikosa. Halafu stima ipotee usiku, faili ibaki pale, malori yapange foleni hadi barabarani mpaka mtu aifute. Kufuli ya flock huachiliwa na Linux yenyewe programu ikifa.

"Si uweke MySQL tu?" Weka. Lakini ukifanya SELECT, ujumlishe kwenye PHP, kisha UPDATE, umerudi palepale. Andika SET idadi = idadi + 1, uache hifadhidata ijumlishe.

Nimemwandikia mwenye uwanja barua ya ukurasa mmoja kuhusu mshahara wa yule mlinzi, nikaambatanisha msimbo wa zamani. Nasubiri jibu.