“Haina Kemikali” Ni Uongo Unaotuumiza

Pita kwenye stendi ya daladala Dar es Salaam, kipaza sauti utakisikia kabla hujamwona mwenye nacho: dawa ya mizizi, haina kemikali, inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Imejazwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na maelezo ni kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kuhusu vidonge ambavyo mnunuzi ameandikiwa hospitali, kimya. Wala mnunuzi haulizi, maana tumelelewa tukiamini kwamba kitokacho kwenye mti hakidhuru.

Imani hiyo ni uongo, na wanaoilipia ni wagonjwa wa maradhi ya kudumu.

Kemikali zimo ndani ya mti wenyewe. Metformini, kidonge wanachoanzishiwa wagonjwa wengi wa kisukari, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Kwinini ilitoka kwenye magome ya mti. Artemisinini iliyomo kwenye dawa ya mseto ya malaria ilitolewa kwenye mmea wa pakanga, na Tu Youyou wa China akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Anayejivunia kwamba mimea inaponya, najivunia pamoja naye. Lakini akubali na upande wa pili: mti wenye nguvu ya kushusha sukari utaishusha hata pale ambapo kidonge kimeshaishusha.

Tuseme mama anameza glibenklamidi, dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini. Binti anamletea unga wa mlonge, jirani anamchemshia mwarobaini, na mimea yote miwili inajulikana kwa kushusha sukari. Akipima, kipimo kinasoma vizuri. Anafurahi, anaongeza kikombe. Alfajiri moja analowa jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nyumbani mmoja anasema malaria imepanda kichwani, mwingine anataja majini, wanamfunika blanketi. Alichohitaji dakika ile ni maji ya sukari, akiwa bado anaweza kumeza, kisha mbio hospitali. Sukari iliyoshuka mno inaweza kuua usiku huohuo, na familia ikabaki inatafuta mchawi.

Tangu mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, tumezoea kumsema mgonjwa anayetupa vidonge. Tuna haki ya kumsema. Ila ninayemhofia zaidi ni yule mtiifu anayemeza vidonge vyake kwa saa na kuongeza mitishamba juu yake, akiamini amejilinda mara mbili. Huyu hakuna anayemkemea, kwa sababu hakuna anayejua.

Hatari haiishii kwenye sukari. Dawa nyingi huvunjwavunjwa na ini, na ipo mimea inayoliharakisha ini au kulichelewesha. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu wazima wasio wagonjwa indinavir, mojawapo ya ARV za wakati ule, pamoja na Hypericum perforatum, mmea unaopendwa Ulaya na Marekani kwa kutuliza huzuni. Kiwango cha dawa kwenye damu kilishuka kwa zaidi ya nusu. Mtu anaweza kumeza vidonge vyake vyote bila kuruka hata siku moja na virusi vya UKIMWI vikapanda, kisha akalaumiwa kwamba ni mzembe.

Na figo? Mapema miaka ya 1990, wanawake wa Brussels waliomeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa aristolokia waliharibikiwa figo, wengine wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Hao walikuwa na figo nzima. Wagonjwa wetu wengi wa sukari na presha, figo zao zimeshaanza kuchoka kabla kikombe hakijafika mdomoni.

Nitaambiwa babu zetu walitumia miti hii na wakaishi. Walitumia, ndiyo. Hawakuitumia juu ya glibenklamidi, warfarini ya kuzuia damu kuganda na ARV kwa miaka ishirini mfululizo. Mchanganyiko huu ni wa kizazi chetu, na hakuna babu aliyeachia wosia juu yake.

Lakini lawama siwezi kuwatwika wagonjwa peke yao. Kuna manesi na madaktari ambao wakisikia neno mitishamba hukunja uso na kufoka mbele ya foleni nzima. Mgonjwa akifokewa leo, mwezi ujao atasema hatumii chochote, naye daktari atapandisha dozi akidhani kidonge kimeshindwa. Swali la mitishamba liulizwe kila kliniki kwa sauti ileile ya kuuliza umekula nini asubuhi, na jibu liandikwe kwenye kadi, pembeni ya presha na uzito. Mgonjwa naye aje na chupa yake mkononi, aiweke mezani, aseme anakunywa kiasi gani na tangu lini.