"Impossible" Haina Wakati

Neno "impossible" liondolewe kwenye kaunta zetu. Sisemi hivyo kwa kuchukia Kiingereza, bana. Nasema kwa sababu ni kivumishi, na kivumishi hakina wakati. Kitu kikishaitwa hivyo, kimefungwa jana, leo na kesho.

Mama wa Ruiru anafunga kibanda asubuhi, anaenda kuulizia hatimiliki ya ploti aliyomaliza kulipia. Karani anamtazama juu ya miwani: "Hiyo ni impossible." Basi. Anarudi stejini bila kujua ni nani aliyekataa, wala kama arudi wiki ijayo au asirudi kabisa.

Kiswahili kililiweka jambo hili ndani ya kitenzi, na kitenzi hukulazimisha useme: haikuwezekana, haiwezekani, haijawezekana, haitawezekana. Hayo ni majibu manne. Ukiniambia "haijawezekana", nina haki ya kukuuliza kumebaki nini.

Angalia kahawa. Mwaka 1968 chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda yangali mabichi, uliwapiga wakulima vibaya. Watafiti wa hapa hapa Ruiru wakaanza mwaka 1971 kutafuta mbegu inayoustahimili. Ruiru 11 ilitolewa 1985: mti mfupi, unaohimili chulebuni na kutu ya majani pia. Miaka 14! Muda wote huo jibu la kweli lilikuwa "haijawezekana". Sasa karatasi moja ya ploti ndiyo ishinde kahawa?

Mtaniambia ati hata "haiwezekani" humficha mtu. Kweli, haina mwenyewe, na ndiyo maana maofisini inapendwa vilevile. Heri kondakta wa Thika Road anayekwambia, "Sibebi kwa hiyo pesa." Utakasirika, lakini unajua wa kubishana naye ni nani. Karani naye aseme "siwezi", "sijaruhusiwa", hata "sitaki". Hiyo ya mwisho itamponza, lakini angalau tutakuwa tumesikia.

Yasiyoweza kuwa kabisa yana neno lake: muhali. Pembetatu yenye pembe nne ni muhali. Hatimiliki iliyolipiwa si muhali.

Waingereza pia humwita mtu msumbufu "impossible". Hapo hatujapungukiwa, tunasema "huyu hawezekani". Mtu akirudi ofisini mara ya tatu na kukaa kwenye benchi, watanong'onezana hivyo hivyo. Wanong'one. Asiwezekane, mpaka apewe karatasi yake.