Kichana ni cha nywele, si cha kupimia adabu

HEBU jipekue kidogo. Angalia kwa mkoba, kwa droo, nyuma ya kioo cha bafu, au mfuko wa nyuma wa jinzi kama wewe ni wa kufuga afro. Kuna kichana mahali. Pengine kimeng'oka meno mawili. Pengine ulikinunua kwa mchuuzi aliyeingia matatu pale Ngong Road ukielekea Olympic, na tangu siku hiyo hujawahi kukifikiria tena. Leo nataka ukifikirie, kwa sababu hicho kidude cha bob hamsini kina kesi. Na kesi yenyewe ilianzia papa hapa Olympic, Kibera.

Kwanza tukipe heshima yake. Ukishuka steji ukatembea kuelekea Makina, hesabu vichana utakavyoviona. Kinyozi ana chake kimelala juu ya taulo karibu na mashine, na usisahau kumuuliza kama amekipangusa na spiriti, maana choa cha kichwani hakiulizi wewe ni mtoto wa nani. Msusi ana kile chembamba chenye mkia, cha kupasulia mistari, na kikiwa hakiko mkononi basi kimechomekwa kichwani mwake mwenyewe. Mama zetu walikuwa na kile cha chuma kilichowekwa juu ya jiko la makaa, ukasikia nywele zikilia tsss na ukaomba Mungu asikuguse sikio. Watoto nao hukifunika kwa karatasi laini wakapuliza, kikawa zumari.

Lugha yenyewe imekitumia hadi kikaisha meno. Kuchana ni kutengeneza nywele, na kuchana hilohilo ni kurarua karatasi. Rapa akishika maiki, anachana. Ua likifunguka, limechanua. Na sisi wa mtaa tukimwambia mtu "chanuka", tunamaanisha afungue macho, asichezewe. Rafiki wa kweli ni yule anayekuchanua mapema kabla hujaingia mtegoni. Na ukichoka na stori ya mtu, unamwambia "chana nayo", ingawa hapo tumekula tu herufi moja ya "achana". Kwa hivyo mtu akikwambia kichana ni kitu kidogo, usimwamini haraka.

Sasa turudi kwa kesi. Januari 2019, msichana wa Kidato cha Kwanza aliripoti Shule ya Upili ya Olympic. Familia yake ni ya Rastafari, na nywele zake zilikuwa dreads, amezifunika kwa kilemba. Shule ikasema sheria ni sheria: azinyoe ndipo arudi. Hakuwa amepiga mtu. Hakuwa ameiba. Hakuwa amefeli mtihani, maana hata mtihani wenyewe alikuwa hajaufanya. Tatizo lilikuwa kwamba kichwani mwake kichana hakipiti.

Babake hakukubali. Alienda Mahakama Kuu, na mnamo Septemba 13, 2019, Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine, kwamba Katiba inailinda, na kwamba kumfukuza mtoto huyo kwa sababu ya nywele zake kulivunja haki zake. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dini na imani. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima. Wengi tulishangilia, na tulikuwa na sababu.

Lakini soma uamuzi huo polepole, dadangu. Soma tena, kakangu. Mtoto yule alishinda kwa sababu nywele zake ni ibada. Je, wewe ambaye nywele zako ni nywele tu? Wewe unayependa afro yako ya inchi tatu, safi, umeiosha Jumamosi, umeichana asubuhi, na huna nabii wa kukutetea? Kwako mlango ule haukufunguka sana. Ukiambiwa unyoe, utanyoa. Mahakama ilimwokoa muumini, ikaacha kichana palepale kilipokuwa: mkononi mwa mwalimu wa zamu, kama rula ya kupimia adabu.

Hapo ndipo ninapogombana na watu. Nasikia hoja zao, na nyingine si za kupuuzwa. Wanasema nywele ndefu shuleni ni gharama, na kwamba mtoto wa mama anayefua nguo za watu hawezi kushindana na yule anayesukwa kila wiki mbili. Hiyo ni kweli, na mtu anayeishi Kibera hahitaji kuelezwa. Lakini afro isiyosukwa inataka maji, mafuta kidogo na chanuo. Kunyoa ndiko kunakorudi kwa kinyozi kila baada ya wiki mbili au tatu, na kinyozi halipwi kwa maombi. Kama hoja ni gharama, basi pigeni marufuku ususi wa bei, muache nywele zenyewe zimee.

Hoja ya chawa na uchafu ndiyo inayonichekesha. Nywele chafu huoshwa. Hakuna shule inayomkata mwanafunzi kidole kwa sababu kucha zina tope.

Na kama ulisoma shule ya Nairobi iliyochanganya watoto wa asili ya Kihindi na sisi wengine, unakumbuka vizuri. Mwenzako alikuwa na nywele hadi mgongoni, amezifunga kwa utepe, na hakuna mwalimu aliyemwita mtundu. Zako zikifika kwenye sikio, unasimamishwa paredi. Sheria ileile, daftari lilelile, vichwa viwili. Tofauti ilikuwa kwamba kichana chembamba chenye meno ya kubanana kilipita kwake bila kukwama, na kwako kikakwama. Basi ikaamuliwa kwamba wewe ndiwe mwenye makosa, si kichana.

Ukweli ni kwamba kichana kile hakikutengenezwa kwa ajili yako. Watu wenye nywele kama zetu walishakuwa na vyao zamani sana. Mwaka 2013, makumbusho ya Fitzwilliam kule Cambridge, Uingereza, yaliandaa maonyesho mazima kuhusu chanuo la afro, yakifuata safari yake ya miaka 6,000 tangu Misri ya kale: meno marefu, yenye nafasi, mpini wa kushika kwa juu. Lile la plastiki unalochomeka kichwani likakaa kama taji, lenye mpini wa ngumi, lilivuma Marekani miaka ya 1970, wakati Wamarekani weusi walipokataa kuomba radhi kwa nywele zao.

Hapa kwetu unafiki umezidi. Pale jijini, kwenye barabara inayobeba jina lake, Dedan Kimathi amesimama kwa shaba tangu 2007, na dreads zake ziko kichwani. Watalii hupigwa picha hapo. Aprili 2022, Field Marshal Muthoni wa Kirima, aliyefuga rasta zake tangu enzi za msituni, alinyolewa na Mama Ngina Kenyatta mwenyewe, kamera zote zikiwepo, na taifa likapiga makofi. Kwa shujaa, nywele zisizochanwa ni historia. Kwa kijana wa Olympic anayetembea saa mbili usiku, nywele hizohizo ni sababu ya kusimamishwa na kuulizwa kitambulisho. Ukienda intavyu, shangazi anakushauri kwa mapenzi kabisa: "Mwanangu, hizo toa kwanza, utafuga ukishapata kazi." Naye hajakosea, anaijua nchi yake.

(Tena kuna kichekesho ambacho walimu hawakijui. Dreads nyingi za mtaani hazikuanzwa kwa kuacha kuchana. Zilianzwa kwa kichana, zikarudishwa nyuma kwa kichana, na kila mwezi zinapasuliwa mistari kwa kichana ndipo zikazwe. Huyo unayemwita mchafu huenda amekaa kwa kiti cha salon masaa manne.)

Sisemi kila shule iwe maonyesho ya mitindo. Shule ina haki ya kudai usafi, na kudai nywele zifungwe mwanafunzi akiwa maabara karibu na moto. Ninachokataa ni sheria isiyo na sababu inayoweza kusemwa kwa sauti mbele ya mtoto. Na ninakataa kwamba ili mtoto abaki darasani na nywele zake, ni lazima mzazi atafute wakili na aithibitishe dini yake mbele ya jaji. Wazazi wangapi kutoka Gatwekera hadi Kawangware wana wakili?

Wewe unayesoma hii huenda ulimaliza shule juzi. Pengine una mdogo wako anayeingia sekondari, na mkutano wa wazazi ukiitishwa mama yuko kazini, kwa hivyo wewe ndiwe unayetumwa. Nenda. Wakifika kwa sheria za mavazi na nywele, inua mkono, uulize kwa heshima: sheria hii iliandikwa mwaka gani, aliyeiandika alikuwa na sababu gani, na tangu Septemba 2019 kuna yeyote hapa aliyeifungua tena akaisoma?