AFYA NYUMBANI: Telefone Haioni Komprime



Siku hizi vijana wengi wa Sakania wana telefone za kugusa kwa kidole. Mama akirudi na dawa kutoka sokoni, kijana anaandika jina lake mu telefone na kusema: «Mama, hii ni dawa ya malaria, telefone imesema.» Je, ni jambo zuri? Ndiyo, ni zuri. Lakini kwa telefone ileile nyumba moja inapata musaada, na nyumba ingine inapata matata. Tuangalie sababu.

Kazi hii haikuanza leo. Mwaka 2003, katika inchi ya Uganda, upande wa Mbale na Rakai, watu wa afya walipewa mashine ndogo za mukononi. Waliandika ndani hesabu za wagonjwa, na kwa njia ya rezo ya telefone walipokea mafundisho juu ya magonjwa na dawa. Angalia vizuri: mwenye kushika mashine alikuwa mutu wa kazi hiyo. Alijua kupima mugonjwa. Leo mashine iko mukononi mwa kila mutu, lakini masomo yale hayakuja pamoja nayo.

Tatizo la kwanza ni jina. Sisi tuko kwa mupaka. Boate inayotoka Zambia imeandikwa Kiingereza, ile ya kutoka Lubumbashi imeandikwa Kifaransa. Tena dawa moja inaweza kuwa na majina mawili: jina la mwenye kuitengeneza, kwa herufi kubwa, na jina la dawa yenyewe, kwa herufi ndogo. Bactrim ni jina la mwenye kutengeneza. Dawa yenyewe ni cotrimoxazole. Mutoto anaweza kupewa dawa moja mara mbili kwa sababu boate mbili hazifanani. Kwa hiyo tafuteni jina lile la herufi ndogo.

Na muliandike lote mupaka mwisho. Kuna dawa inaitwa chlorpromazine, na ingine inaitwa chlorpropamide. Ya kwanza ni ya ugonjwa wa akili. Ya pili ni dawa ya zamani ya ugonjwa wa sukari. Mutu asiye na ugonjwa huo akiimeza, sukari ya damu inashuka na anaweza kuzimia. Ukiandika mwanzo tu wa jina, telefone inakutolea majina mengi yanayofuatana, na kidole kinagusa la jirani.

Tatizo la pili ni kipimo. Kwa parasetamoli, kitabu cha waganga kinaandika hivi: miligramu 15 kwa kila kilo ya mutoto, kwa mara moja. Mutoto wa kilo 10 atapata miligramu 150. Lakini mama ana komprime ya miligramu 500, na nyumbani hakuna kilo ya kupima mutoto. Akimupa komprime nzima, amepita kipimo zaidi ya mara tatu. Siro vilevile: kuna chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5, na kuna ingine yenye 250. Kijiko ni kilekile, dawa ni mara mbili. Telefone imesema kweli, lakini haijui ni chupa gani iko mezani kwako.

Tatizo la tatu ni kubwa kuliko yote. Kuanzia mwisho wa mwaka 2014 mupaka mwaka 2015, kule Ituri, katika inchi yetu hii, watu zaidi ya 900 walipelekwa hospitali. Shingo zilikakamaa, nyuso zilipindika, hata ulimi. Waganga walifikiri ni meninjiti. Kisha walipopima dawa ambazo watu walikuwa wanameza, wakavumbua jambo. Kwa boate iliandikwa diazepam, dawa ya kutuliza. Ndani mulikuwa haloperidol, dawa kali ya ugonjwa wa akili. Mu mwezi wa 7 wa 2015, OMS, ndiyo Shirika la Afya la Ulimwengu, ilitoa onyo.

Kijana angetafuta «diazepam» mu telefone siku ile, angepata jibu la haki kabisa juu ya dawa ambayo haikuwa ndani. Telefone inasoma jina. Komprime yenyewe haiioni.

Basi tufanye nini? Shauri letu ni hili:

1. Nunueni dawa kwa farmasi inayojulikana ao kwa kituo cha afya, katika boate yake, yenye tarehe ya mwisho. Komprime za kuhesabiwa mukononi bila boate, telefone haiwezi kuwasaidia kitu.

2. Kijana, weka kitabu cha dawa mu telefone wakati rezo iko. Médecins Sans Frontières wana kitabu chao kwa Kifaransa, bila kulipa, na ukikwisha kukipokea kinafunguka hata bila rezo. Lakini kiliandikiwa waganga; kisome kusudi ujue maulizo ya kumuuliza munganga.

3. Andika kwa kartasi kilo za mutoto siku anapopimwa, na uende nayo farmasi.

4. Muonyeshe munganga boate na neno ulilosoma. Munganga mwema hatakasirika.

5. Mutoto mwenye degedege, ao asiyeweza kunywa wala kunyonya, ao asiyeamka, musimutafutie jibu mu telefone. Mubebe sasa hivi mwende kituo cha afya.

Vijana, mama zenu wengi hawasomi Kiingereza wala Kifaransa. Ninyi ni macho yao. Wasomeeni boate yote, kwa Kiswahili, polepole, mupaka herufi ndogo za mwisho.

Mungu awalinde. Tutaonana mwezi unaokuja.