MAONI: Nepi ya kitambaa ni nafuu, lakini nani anafua?

Pita Soko la Burma Jumamosi, pale kando ya Jogoo Road karibu na City Stadium, wakati watu wamejazana kutafuta matumbo na mifupa ya supu. Usiangalie nyama zilizoning'inia, angalia chini ya meza. Utaona watoto. Mmoja amelala kwenye katoni, mwingine anakimbizana na paka. Ni wa miaka miwili, miwili na nusu, hawajafika umri wa shule na mama hana wa kumwachia. Wengi wao bado wako kwenye nepi.

Sasa mvalishe mtoto wa umri huo nepi ya kitambaa, ile ya taulo au ya vifungo, imemvimba chini ya kaptura. Utapata maoni ambayo hukuomba. "Mtoi mkubwa hivi bado ni nepi?" Halafu, "Kwani pampers zimeisha dukani?" Yaani unahukumiwa mara mbili: wewe ni mzembe kwa kutomfunza choo, na huna doh.

Mimi nasema mwacheni huyo mtoto. Kuhusu umri, madaktari hawahesabu kukojoa kitandani usiku kuwa tatizo kabla ya miaka 5. Mchana nako, huyo mama wa Burma atafanya nini? Choo cha soko ni cha kulipia. Mtoto anayejifunza poti anataka kukimbizwa chooni mara sita, mara saba kwa siku, na wateja wamepanga foleni. Nepi pale si uzembe, ni namna ya kufika jioni.

Kuhusu doh, tuongee hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanajidanganya. Kadiri mtoto anavyokua, ndivyo nepi za kutupa zinavyozidi kuwa ghali: pakiti ya saizi kubwa huwa na vipande vichache kuliko ya mtoto mchanga kwa bei ileile. Na wengi wetu hatununui pakiti. Tunanunua kimoja kimoja kwenye kiosk, mambo ya kadogo. Chukua shilingi 30 kwa kipande, vipande vitatu kwa siku. Hiyo ni 90 kwa siku, 2,700 kwa mwezi. Weka bei ya mtaani kwako, lakini usishangae ukikuta unalipa nusu ya kodi ya keja kwa kitu cha kutupa.

Mnakumbuka Juni 2024? Mswada wa Fedha ulitaka ushuru wa mazingira wa shilingi 150 kwa kilo, na nepi zilikuwa kwenye orodha. Serikali ilijitetea kwamba zinazotengenezwa nchini zitaepuka, lakini hakuna aliyetulia. Tuliingia barabarani, na siku moja baada ya Juni 25 Rais akakataa kuutia saini. Tulikuwa na haki kuupinga, maana ushuru ule ungemwangukia mama wa kadogo kwanza. Ila ushuru ulikufa na nepi zilizotumika hazikuacha kwenda Dandora, jaa lililotangazwa kujaa tangu 2001 na ambalo bado linapokea taka za jiji hili. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 tukajipongeza. Nepi ya kutupa nayo ina plastiki, na zile zisizofika Dandora unazijua ziko wapi. Simama kwenye daraja lolote la Nairobi River uangalie chini.

Kwa hivyo naam, kitambaa. Kwa mtoto mkubwa kina faida ambayo watu hawaitaji sana. Ndani ya nepi ya kutupa kuna chembechembe zinazonyonya mkojo na kuugeuza kama uji mzito, ndiyo maana mtoto anakaa mkavu na kuendelea na michezo yake. Kitambaa hakimfichi. Akikojoa anahisi, anasimama na miguu imepanuka kama mchunga ng'ombe, anakuangalia. Hapo una la kumwambia. Sikuahidi kwamba wiki ijayo atakuwa anaita "susu" mwenyewe, lakini angalau mmeanza kuongea.

Pia hakojoi mara nyingi kama mchanga, ila akikojoa ni mafuriko. Kwa hivyo huhitaji nepi ishirini. Nane zinatosha, mradi ziwe nene. Kata taulo kuukuu au tafuta shuka za flaneli Gikomba, mpe fundi wa cherehani azishone tabaka tatu nne. Za dukani zenye vifungo pia ni sawa, lakini uliza kabla ya kulipa: nyingi huishia mtoto wa kilo 15 hivi, na kuna watoto wa miaka miwili na nusu ambao ni mabaunsa. Usiku ongeza kitambaa cha pili. Kwa mvulana kikunje kiwe kinene mbele, la sivyo utaamka godoro limelowa na nepi kavu nyuma.

Sasa kwenye hesabu. Kufua nepi nane vizuri kunakula mitungi miwili ya maji. Kama mtungi ni shilingi 20 na unafua kila baada ya siku mbili, mwezi unatumia 600 za maji, ongeza kama 300 za sabuni. Shilingi 900 dhidi ya 2,700. Unaona? Wanaopigia debe kitambaa hukomea hapo na kupiga makofi.

Mimi sikomei hapo. Mfereji ukikauka wiki nzima na mtungi ufike shilingi 50, maji pekee ni 1,500. Bado unaokoa, lakini si ile miujiza uliyoahidiwa. Na hatujalipa mikono. Kinyesi cha mtoto anayekula ugali na maharagwe si kile cha mtoto wa maziwa. Lazima ukung'ute chooni, usuuze kwa maji baridi, ufue kwa maji moto, usuuze tena. Ukitumia ile dawa ya kulainisha nguo, kitambaa kinaacha kunyonya. Ukimwaga dawa ya madoa kila mara, lastiki inakufa. Hiyo ni saa nzima ya mtu. Ya nani?

Mara nyingi ni ya mama, usiku, baada ya kusimama sokoni tangu alfajiri. Au ni ya mama fua. Na hapa nina neno. Kuna vijana wenzangu wenye kazi nzuri ofisini, wanaposti nepi za rangi rangi na maneno matamu kuhusu mazingira, halafu wanamwachia mama fua ndoo ya nepi za siku tatu kwa malipo yaleyale ya shati na jinzi. Hiyo si kuokoa pesa. Ni kuhamisha gharama kutoka mfuko wako hadi mgongo wa mtu mwingine. Nepi zina bei yake, mwelewane kabla hajakunja mikono, na akikataa usinune.

Na wewe buda, baba ya mtoto, unayesema kitambaa ni poa kwa sababu pesa ya pampers itabaki: umewahi kushika hata moja? Zamu ya kufua ndiyo inayoamua kama mpango huu utafika mwezi wa pili. Nimeona ploti ambapo baba anafua Jumatano na Jumapili, majirani walicheka wiki moja wakachoka. Mwanaume hageuki chochote kwa kukung'uta nepi.

Kitu kimoja tunacho ambacho wazungu wanakilipia: jua na kamba. Wakala wa Mazingira wa Uingereza mwaka 2008 ulilinganisha nepi za aina zote mbili, na ilionekana kwamba faida ya kitambaa inategemea unavyokifua. Ukianika nje na kukitumia tena kwa mtoto wa pili unapata nafuu kubwa; ukikausha kwa mashine unaimaliza. Sisi mashine hatuna, na nepi ya mtoto wa kwanza huwa tayari imekopwa na dada. Kaa tu karibu na kamba yako, maana Eastlands hata soksi moja inaibwa.

Msimu wa mvua nepi nene zinachukua siku mbili kukauka, basi ongeza nne au uchanganye. Siku ya kwenda Burma na mtoto, mvalishe ya kutupa. Hakuna anayetaka ndoo ya nepi chafu karibu na meza ya nyama, na muuza matumbo ana haki kukufukuza. Kitambaa kiwe cha nyumbani na cha usiku. Hata hivyo tu, vipande vitatu kwa siku vinashuka hadi kimoja. Kabla hujamtuma fundi, muulize keateka mfereji wa ploti hufunguliwa siku zipi, kisha mkae wawili mpange nani anafua siku hizo.