Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Naloksoni ipande Usambara

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Lushoto kuhusu dawa moja, naloksoni. Naomba ifike hadi zahanati zetu za milimani, isiishie kwenye hospitali kubwa.

Vijana wetu hushuka na malori ya kabichi na karoti kutafuta maisha Tanga na Dar es Salaam, na wapo wanaorudi wakiwa wameshazoea unga, yaani heroini. Heroini, kama afyuni zote, hushika sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Akizidisha, kijana husinzia, mboni za macho husinyaa, midomo hubadilika rangi, pumzi hukatika. Ubongo ukikosa hewa dakika chache tu huanza kufa. Kutoka Mtae hadi Lushoto mjini ni mwendo wa saa kadhaa, na masika ndiyo kabisa.

Naloksoni huiondoa afyuni pale iliposhika, pumzi ikarudi. Hailevyi, wala haimdhuru mtu aliyepewa kwa kudhaniwa tu kwamba ametumia unga. Haimo katika dawa za kulevya zinazodhibitiwa kimataifa. Kinachotakiwa ni mafunzo, kwa sababu nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90 tu. Afyuni iliyobaki mwilini yaweza kumzimisha mtu tena, hivyo haachwi peke yake.

Kwa nini sasa? Kwa sababu afyuni za maabara hazihitaji shamba. Fentanili, dawa halali ya chumba cha upasuaji, ina nguvu mara 50 hadi 100 ya mofini. Miligramu 2 zaweza kumuua asiyezoea. Mzigo wa kuua maelfu unaenea kwenye bahasha. Marekani, afyuni za aina hiyo ziliua watu zaidi ya 70,000 mwaka 2022. Na tusiseme ni shida ya Wazungu: Aprili 2024 Rais wa Sierra Leone alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya dawa ya kulevya iitwayo kush, na maabara zilikuta humo nitazini, afyuni nyingine kali ya kutengenezwa.

Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2015, inafanya kazi. Desemba 2023 ilikamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Lakini ukamataji haumfufui aliyelala sakafuni Mlalo. Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, iko hospitali ya Bombo, Tanga, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mkulima gani atamudu nauli hiyo?

 

Mheshimiwa, kabla ya masika yajayo, kila zahanati ya Lushoto na Bumbuli ipate naloksoni na mfuko wa kupulizia hewa, na wahudumu wafundishwe kuvitumia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Lushoto